Kidole gumba kilichoficha njaa

Kwa miezi miwili lalamiko kuhusu gemu la simu ninalolitengeneza lilikuwa lile lile: "Dada fundi, mtu wako anasikia njaa haraka mno." Wa kwanza kulitoa alikuwa kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda changu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Akafuata mdogo wake. Kisha likaja kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu wa Ujiji ambaye hadi leo sijamwona kwa macho. Nikawaamini. Usiku nikafungua laptopu, nikapunguza kasi ya njaa kwa robo. Lalamiko likabaki. Nikaipunguza hadi nusu. Likabaki vile vile, na sasa nilipocheza mwenyewe niliweza kukaa siku mbili za ndani ya gemu bila kutia kitu tumboni, wakati kazi yote ya gemu lenyewe ni kumfanya mchezaji ahangaikie mlo.

Jibu lilikuja mchana mmoja nikiwa nabadilisha kioo cha simu ya mteja. Kijana wa bodaboda alikuwa kwenye benchi langu akisubiri abiria, simu kailaza kwa upana, kaishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, bega kwa bega, nikiona anachokiona. Mstari wa shibe nilikuwa nimeuweka pembe ya chini kushoto ya skrini. Duara la kutembezea mtu nalo liko chini kushoto. Kidole gumba chake, kipana, chenye grisi ya mnyororo pembeni ya ukucha, kililala juu ya mstari ule tangu alipoanza kucheza hadi mtu wake alipodondoka mchangani. Hakuuona ukishuka hata mara moja. Alichokiona ni kifo. Kwake yeye njaa ilikuja ghafla kweli, na muda wote ule alikuwa ananieleza kitu sahihi kabisa.

Niliuhamishia mstari juu ya skrini, nikaweka sauti ya tumbo kunguruma shibe inapofika robo, halafu nikairudisha kasi ya njaa pale pale ilipokuwa siku ya kwanza. Lalamiko lile sijalisikia tena.

Nayaandika haya nikiwafikiria wenzangu wanaotengeneza magemu peke yao, usiku, baada ya kazi nyingine ya kuwapa ugali. Mtu anayecheza gemu lako anajua panapouma. Kwa nini panauma hajui kila mara, na si kazi yake kujua. Ile ni kazi yangu, na nilipoteza miezi miwili kwa kuchukua maneno yake kama dawa badala ya kuyachukua kama kidole kinachoonyesha kidonda.

Mimi si mtoto wa ziwa. Nilizaliwa Tabora, nikakulia kwenye vivuli vya miembe, asali ya msituni na honi ya treni usiku. Nilifika Kigoma mwaka 2019 kwa treni hiyo hiyo, hadi mwisho wa reli, kumsaidia mjomba kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Mjomba alipohamia Kasulu aliniachia kibanda, pasi ya kuchomelea, bloa na wateja. Laptopu niliinunua ya mtumba kwa fedha za vioo na betri. Injini niliyochagua, yaani programu ya kuundia gemu, ni Godot, iliyoanzishwa na vijana wawili wa Argentina na kuachiwa watu wote bure mwaka 2014. Haidai senti unapoanza, haidai senti ukiuza, na bando la siku moja lilitosha kuishusha. Kwa mtu anayejifunza kupanga msimbo kwa kusoma na kukosea, hilo lilinifungulia mlango.

Gemu lenyewe linaitwa Giza. Boti ya abiria inapinduka, mtu mmoja anatupwa ufukweni chini ya milima ya Mahale, na ana usiku 30 wa kurudi Kigoma kwa mtumbwi aliouokota. Anavua, anakausha, anatafuta kuni, anakwepa upepo. Toleo la kwanza nililimaliza peke yangu chumbani, bila kumwonyesha mtu, nikiamini kwamba nikionyesha kitu kibichi nitakatishwa tamaa. Ningeanza leo, ningelionyesha likiwa bado mraba mweupe juu ya rangi ya buluu.

Maana toleo lile lilikuwa na kosa ambalo mtoto wa darasa la sita, mtoto wa jirani, aliliona ndani ya dakika tano. Magemu ya kunusurika niliyokuwa nikiyacheza mengi yamewekwa baharini, kwenye kisiwa au chelezo, na kiu ndiyo inayoua kabla ya njaa, kwa sababu maji ya bahari hayanyweki. Nikaichukua kiu ile nzima nzima nikaiweka kwenye gemu langu. Mtoto akacheza, mstari wa kiu ukaisha, mtu akafa. Akaniinulia uso: "Shangazi, amekufa kiu juu ya maji?"

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi na kina kinachofika mita 1,470, na ndani yake mna karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote ya dunia yaliyo juu ya ardhi na ambayo hayajaganda. Nilimweka mtu juu ya maji hayo nikamuua kwa kiu. Sikulala vizuri usiku ule.

Kuiondoa kiu kungekuwa rahisi, lakini swali la mtoto lilikuwa na mlango mwingine ndani yake. Nikaanza kuuliza watu wananywaje wakiwa ziwani. Wavuvi wakanijibu wote namna moja: katikati unachota unakunywa, ila karibu na makazi uwe mwangalifu. Mwambao huu umepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja na kila nyumba inakumbuka. Basi nikaibadilisha kiu ikawa uamuzi. Mbali na nchi kavu mchezaji anachota anakunywa papo hapo. Karibu na kijiji anaweza kunywa vile vile akabahatisha, au akachemsha, na kuchemsha kunakula kuni ambazo alizihitaji kukaushia nguo na kufukuzia baridi. Kitu ambacho watu walikuwa wanakiruka kwa kukasirika kikawa kitu wanachobishania kwenye benchi. "Mimi huwa nachota kabla sijaingia." "Mimi nachemsha kabisa, sipendi presha." Mabishano ya namna hiyo yalinipa furaha kuliko sifa yoyote niliyopewa.

Mwezi ulikuwa somo kubwa zaidi, na nililipata kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kucheza gemu maishani mwake.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi ile ilikuwa migumu kwa watu wa mialoni. Bei ya dagaa ilipanda, na vijana waliozoea kulala mchana na kukesha ziwani wakawa wanazunguka mjini bila kazi. Wengi walikuja kibandani kutengeneza simu zilizokuwa zimeharibika siku nyingi, maana sasa walikuwa na muda, na wengine walikaa tu kupiga soga. Niliwapa gemu. Kwa mara ya kwanza likachezwa na watu wanaolijua ziwa usiku kwa ngozi zao.

Mmoja alikuja na baba yake mdogo, mzee aliyevua tangu enzi za taa za karabai. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akavuta kiti nyuma ya mgongo wa kijana akatazama. Usiku wa tano wa gemu mwezi ulikuwa mpevu. Nilikuwa nimeuchora kwa uangalifu, na maji yakang'aa kama sufuria jipya. Katika mwanga ule nilikuwa nimeweka samaki wengi, kwa hoja niliyoiona ya haki: ukiona vizuri, unavua vizuri. Kijana akajaza mtumbwi dagaa.

Mzee akauliza polepole, "Hawa wametoka wapi?"

Nikamweleza hoja yangu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanifundisha, naye hakuwa na haraka. Dagaa hufuata taa. Wavuvi hutoka kwenye giza, wakawasha taa juu ya maji, wadudu wadogo wa majini wakakusanyika kwenye mwanga, dagaa wakaja kuwala, na migebuka wakaja nyuma kuwala dagaa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni taa. Samaki hawana sababu ya kuja kwako. Kwa hiyo siku za mbalamwezi watu hupumzika, hushona nyavu, hutengeneza mashine. "Na ukishawasha taa usishushe wavu," akasema. "Subiri. Mwenye pupa huwa anavuta maji." Halafu akaonyesha kwa mkono jinsi walivyokuwa wakipampu karabai: kidole gumba juu ya kichwa cha pampu, vidole vingine vikikumbatia tangi, pampu fupi fupi za haraka hadi mwanga unapobadilika kutoka njano kuwa mweupe na sauti ya kuchemka inapotulia. Siku hizi taa ni za betri na sola, akasema, hazina sauti, na yeye huikosa ile sauti.

Nilikesha wiki tatu kuijenga upya sehemu ile. Ukiwasha karabai ndani ya gemu leo, kwanza lazima upampu, na kidole chako kinafanya mwendo ule ule mfupi wa haraka. Kisha unasubiri. Vumbi jeupe linaanza kuzunguka chini ya mwanga. Baadaye sana, miali ya fedha. Ukishusha wavu mapema unapata maji. Ukichelewa, mafuta ya taa yanakwisha na migebuka wameshawatawanya dagaa. Na mwezi sasa unakua na kufifia, na kila mchezaji anajifunza kuhesabu siku zake: giza la kuvua, mbalamwezi ya kukausha, kuchanja kuni na kusafiri, kwa sababu njia unaiona. Jina la gemu nilikuwa nimelichagua kwa sababu lilisikika vizuri. Mzee ndiye aliyelipa maana.

Kulikuwa na malalamiko kuhusu kusubiri, na yale sikuyatii. Wachezaji wa mjini waliniambia wanachoka pale kwenye taa. Nikawatazama mikono kama nilivyojifunza. Wengi walichoka kwa sababu hawakuwa na cha kusikiliza. Nikaenda ufukweni Kibirizi jioni na simu ya kurekodia, nikachukua sauti ya maji yakigonga ubao wa mtumbwi, mtu akikohoa mbali, injini ikipita na kufifia. Muda wa kusubiri sikuupunguza hata sekunde moja. Sasa wananiambia ile ndiyo sehemu wanayoipenda.

Ombi la bunduki ndilo lililonisumbua zaidi. Karibu kila kijana aliyecheza aliomba bunduki, na wasioomba bunduki waliomba mazombi. Nina daftari la kaunta kuu, lile lile la kuandikia simu za wateja. Nyuma yake nimepiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto naandika mtu alichosema, kulia naandika mkono wake ulikuwa unafanya nini aliposema, na ni usiku wa ngapi ndani ya gemu. Nilipozisoma kurasa zile kwa pamoja nikaona jambo moja. Bunduki ziliombwa kati ya usiku wa sita na wa kumi. Hakuna aliyeomba bunduki usiku wa pili akiwa anapambana na baridi. Kufikia usiku wa sita mtu ameshajua kuvua, ameshajua kuchemsha, ana chanja lake la dagaa, na hana jipya linalomngoja hadi upepo mkubwa wa usiku wa kumi na moja. Walikuwa na upweke na uchovu, na magemu mengine yamewafundisha kwamba dawa ya uchovu ni bunduki.

Dawa niliyoipata ilitoka kwa abiria wa bodaboda, mama mtu mzima aliyechungulia juu ya bega la dereva wake akauliza, "Mbona Liemba haipiti?"

Nani wa mwambao huu asiyeijua meli ya MV Liemba? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na treni hadi hapa Kigoma ikaunganishwa. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 katikati ya vita, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikaanza safari kwa jina la Liemba mwaka 1927, na kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa barabara ya watu wa vijiji vya ziwani. Nikaichora. Ilinichukua usiku kumi na moja, bomba la moshi peke yake usiku mmoja. Nikaiweka ipite mbali kwenye upeo usiku wa saba, kama pambo, taa zake zikielea juu ya maji.

Wachezaji wakafa. Walikuwa wakiiona wanakimbilia ufukweni, wanawasha karabai, wanaitikisa hadi mafuta yote yanakwisha, wakingoja iwachukue. Msimbo wangu haukuwa na neno hata moja kuhusu kumchukua mtu. Meli ilikuwa picha tu. Niliwapa tumaini ambalo nyuma yake hapakuwa na kitu, na lile lilinichoma, kwa sababu mtu aliyenipa dakika zake na bando lake hakustahili kudanganywa namna ile.

Nikarudi kwa wazee. Wakanieleza jinsi ilivyokuwa: vijiji vingi havikuwa na gati, meli ilisimama mbali na nchi, ikapiga honi, na mitumbwi ikaondoka ufukweni kwa mbio kupeleka abiria na samaki, watu wakipanda kwa kuvutwa mikono, mizigo ikirushwa juu. Ndivyo nilivyofanya. Sasa usiku wa saba unasikia honi kwanza. Ukiwa na dagaa wakavu wa kutosha na nguvu za kupiga kasia, unaifikia, unabadilishana dagaa kwa mafuta ya taa, chumvi, kamba. Kupanda hupandi, kwa sababu huna nauli, na mtu wa ndani ya meli anakuambia hivyo kwa upole. Unarudi ufukweni na mafuta yako. Maombi ya bunduki yalipungua hadi nikasahau kuyaandika.

Kuna jambo moja ambalo bado linaniuma nikilikumbuka. Mama anayeuza mawese karibu na kibanda changu alikuwa mchezaji wangu mvumilivu kuliko wote. Alicheza akisubiri wateja, simu kaiegemeza kwenye dumu la lita tano, akifuta vidole kwa kanga kabla ya kugusa skrini. Alifika usiku wa 23 bila kufa. Mimi siku ile nilitoa toleo jipya. Katika kusafisha msimbo nilibadilisha majina ya vitu vya mkobani: "samaki1" likawa "dagaa_mkavu", na mengine kama hayo, ili mimi mwenyewe nisome vizuri. Sikufikiria kwamba faili la kuhifadhi mchezo kwenye simu za watu limeandikwa kwa majina ya zamani. Gemu jipya lilipolisoma faili la zamani halikuelewa kitu, likafanya kile nilicholiagiza lifanye linapokosa faili: likaanza upya, na likaandika mwanzo mpya juu ya faili lile.

Alikuja na simu mkononi. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, umeniulia mtu wangu."

Nilimwomba radhi, nikamwomba pia anipe jioni moja. Tulikaa wawili kwenye benchi baada ya yeye kufunga biashara, naye akanisimulia kwa kumbukumbu: chanja mbili ufukweni, moja imejaa, moja nusu, mafuta ya taa yamebaki kidogo, "hivi," akanionyesha kwa vidole, kamba mbili, mtumbwi una ufa uliozibwa, mtu wake ana kikohozi. Nikayaandika yote kwenye faili kwa mkono, namba moja baada ya nyingine, nikalirudisha kwenye simu yake. Alipofungua akakuta ufukwe wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema chanja la pili lilikuwa kulia kidogo. Nikalisogeza kulia.

Tangu siku ile kila faili la kuhifadhi lina namba ya toleo mstari wa kwanza. Gemu likikuta namba ya zamani linatafsiri kwanza, na kabla ya kutafsiri linatunza nakala ya faili la awali pembeni. Likishindwa kusoma, halifuti chochote. Linamwambia mtu limeshindwa na kumpa namba yangu. Kama unatengeneza gemu na hujafanya hivyo, fanya wiki hii. Usiku 23 wa mtu ni mali yake.

Mengine nitayapitia haraka. Simu za wachezaji wangu wengi zina ramu ya GB 2 au 3, na hapo kazi yangu ya ufundi ilinisaidia: najua betri iliyovimba inavyoanza, na sikutaka gemu langu liwe chanzo. Godot 4 ina njia tatu za kuchora picha. Nilikuwa nimechagua ile ya simu za kisasa, na kwenye simu za zamani gemu lilikuwa linastaki au linajifunga lenyewe. Nikahamia ile nyepesi kuliko zote, nikafunga picha zisizidi 30 kwa sekunde, na simu zikaacha kuchoma viganja. Ukubwa nao niliupunguza kwa kubana sauti, kwa sababu watu walikuwa wakinifuta ili wapate nafasi ya picha za harusi, na sikuwa na haki ya kushindana na harusi.

Usiku wenyewe nilikuwa nimeupaka rangi nikiwa chumbani, taa imezimwa. Watu wanaucheza saa saba mchana, juani, kwenye kioo chenye ufa. Hakuna aliyeniambia ni giza mno. Nilichokiona ni kidole kikishuka kutoka juu ya skrini kuongeza mwanga wa simu, kila mtu, kila mara jua la ndani ya gemu linapozama. Niliacha usiku ubaki usiku, lakini nikachora ukingo mwembamba wa rangi ya majivu kuzunguka mtu, mtumbwi na miamba, nao unaongezeka nguvu simu inapohisi iko kwenye mwanga mkali.

Ili kuliweka gemu kwenye duka la Google, mtu binafsi mwenye akaunti mpya anatakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 watakaobaki kwenye jaribio kwa siku 14 mfululizo. Nilisikia wenzangu wakilalamika kwamba hawawapati. Mimi nilifungua daftari la kaunta nikawapigia: bodaboda watatu, wavuvi wanne, mama wa mawese, mwalimu wa hesabu, mtoto wa jirani kwa simu ya baba yake, binamu yangu wa Tabora na yule wa Ujiji nisiyemjua sura. Niliwanunulia bando kwa zamu. Siku ya tisa mmoja alibadilisha simu nikadhani nimepoteza, lakini alijiunga tena kabla jua halijazama, akanipigia kunijulisha.

Hivi sasa ninahangaika na upepo. Toleo la sasa dhoruba inapiga ghafla bila dalili yoyote, na wavuvi wananiambia haiendi hivyo: upepo wa kiangazi unaotoka kusini hutuma habari kabla, kwa rangi ya maji, kwa ndege, kwa mawimbi marefu yanayofika kabla ya upepo wenyewe. Wananipa dalili zaidi ya kumi, na hawakubaliani wao kwa wao. Nimezigawa kwenye daftari na nitazijaribu moja moja.

Jumamosi iliyopita nilishuka Kibirizi jioni kurekodi mawimbi hayo. Kwenye mtumbwi uliovutwa mchangani alikaa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, simjui, hanijui, gemu langu mkononi. Amelipata kwa kurushiwa na rafiki, nadhani. Nikasimama nyuma yake nikijifanya natazama boti. Alikuwa amewasha karabai katikati ya maji, vumbi jeupe limeanza kuzunguka, na wavu bado haujashuka. Kisha, ndani ya gemu, mwezi ukachomoza juu ya vilima vya mashariki. Akautazama kidogo. Akazima taa, akapiga kasia hadi ufukweni, akauvuta mtumbwi juu, na akaanza kupanga dagaa wake wa jana kwenye chanja.